Machozi ya Adili na Ulimi wa Tippu Tip

Mtahini aulizapo ni nani mhusika mwovu wa kitabu fulani, mwanafunzi wetu amezoezwa kujibu kwa jina moja, kisha kuliandamiza kwa orodha ya makosa: choyo, hila, ukatili, usaliti. Akithubutu kuandika kwamba alipofika ukurasa wa mwisho alimwonea mwovu huyo huruma, hukatwa alama, na pembeni huandikiwa kwa wino mwekundu kuwa hakuelewa maudhui. Sisi twashika kwamba mwanafunzi huyo huenda ndiye pekee darasani aliyekisoma kitabu. Twashika pia, na hapa ndipo tutakapogombana na wengi, kwamba huruma hiyo haifai kuachwa ipite bila kuulizwa imetoka wapi. Zipo huruma mbili, na sisi wa Ujiji tunazo sababu zetu za kuzitofautisha.

Tuanze na kitabu kinachojulikana na kila mwalimu wa Kiswahili. Katika Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952, Shaaban Robert amewapa ndugu wawili majina yasiyoacha shaka: mmoja Hasidi, wa pili Mwivu. Kwa majina hayo, mwalimu avivu angeweza kulifunga somo kabla ya kulifungua. Kosa lao si dogo, kwani wamemtosa baharini ndugu yao aliyewatendea wema. Adhabu yao ni kugeuzwa manyani, na Adili amelazimishwa na Huria, binti wa majini, kuwapiga kila usiku.

Lakini tazama mpango wa masimulizi. Mwandishi hakutuanzia na kosa. Kwanza twaona manyani wawili wakichapwa, na mchapaji akilia nao. Sababu twaisikia baadaye, Adili anapojieleza mbele ya Mfalme Rai. Tumekwisha kuwahurumia wanyama wale kabla hatujajua kuwa ni watu, tena watu waovu. Mpango huo si bahati. Hadithi inayofanana na hii imo katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu ni mbwa, na wakisha kurudishiwa umbo la kibinadamu wanamwua ndugu yao. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Katika kitabu chake msamaha unazaa toba. Mwandishi ambaye wahakiki wengi humwita mhubiri, asiyejua kuchora ila malaika na shetani, amemfanya msomaji atokwe na machozi kwa ajili ya watu aliowaita Husuda na Wivu.

Je, machozi hayo ni halali? Twasema ni halali, na sababu yake ni moja: aliyetoswa baharini ndiye aliaye. Huruma kwa mwovu inatoka katika kinywa cha yule aliyedhulumiwa. Adili yupo hadithini, ana jina, ana kauli, na kosa alilotendewa halikupunguzwa hata chembe. Hakuna aliyesamehe kwa niaba yake.

Chukua sasa mfano wa pili. Mwalimu Julius Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare na kuutoa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliuita Mabepari wa Venisi. Katika jina la Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Mwalimu amewafanya wengi, na kwa wingi huo ametoa hukumu kubwa. Shylock adaiye ratili ya nyama ya mwenzake ni mwovu, lakini hayumo peke yake katika biashara. Antonio, ambaye wanafunzi hufundishwa kumwita mwema, amemtukana na kumtemea mate, kisha amemwendea kukopa. Shylock anapouliza mbele yetu kama yeye naye hana macho, hana mikono, hana damu itokayo akichomwa, ukumbi wote hunyamaza. Kijana aliyekuwa akicheka hukoma kucheka.

Lipo pia neno la Shylock mahakamani ambalo husomwa haraka mno. Awaambia wakubwa wa Venisi kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, huwatumikisha kama punda, na hakuna awaambiaye wawaache huru. Ni hoja kali, nayo yamtetea kuliko nyingine zote. Lakini watumwa hao hawapandi jukwaani. Hatuwaoni, hatuwasikii, wametajwa ili Shylock ashinde hoja, kisha mchezo wawasahau.

Msomaji wa Ujiji hawezi kulipita neno hilo upesi. Mji wetu ulikuwa kituo cha misafara. Watu na pembe za ndovu vilivushwa ziwa kutoka Manyema, vikashushwa pwani hii, vikashika njia ya Tabora mpaka Bagamoyo. Uislamu wetu ulifika kwa njia hiyo. Kiswahili tukiandikiacho maneno haya kilifika kwa njia hiyo. Na miembe yetu, kama wazee wasimuliavyo, vivyo hivyo. Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika haikutungwa mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo katika dawati moja la shule huweza kukaa mjukuu wa aliyefungwa mnyororo na mjukuu wa aliyeushika, na mara nyingine mtu mmoja ni mjukuu wa wote wawili.

Sasa, aliyeisimulia njia hiyo kwa Kiswahili kitamu kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe yalichapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, yakatolewa tena na Whiteley mwaka 1958 na 1959, na hata leo hutajwa miongoni mwa mifano bora ya nathari ya kale. Utasema kuwa hicho si kitabu cha kubuni. Ni kweli. Lakini kila asimuliaye maisha yake huchagua la kusema na la kumeza, na mhusika mkuu anayejitokeza humo ameumbwa kwa ulimi kama alivyoumbwa Hasidi.

Na ulimi wake ni wa ajabu! Hasemi sana, hajisifu kwa makelele, hujenga kisa kwa sentensi fupi zenye kwenda mbio. Amfikia Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera, ambaye alikuwa angali akiwasikitikia ndugu zake wa kike waliochukuliwa mateka zamani. Tippu Tip ajidai kuwa mjukuu wa mateka mmojawapo. Mzee afurahi kumpata mtu wa damu yake, amkabidhi nchi na watu. Msomaji hucheka, kama achekavyo Sungura anapomhadaa Fisi. Twalijua kicheko hicho, ni cha hadithi zetu za jioni. Mpaka mtu azinduke na kuona kilichotendeka: uchungu wa mzee aliyenyang'anywa ndugu zake umetumiwa kuwa ufunguo wa nchi yake, na mwenye ufunguo ni mfanyabiashara ya pembe na watumwa.

Baadaye twamwona akizeeka. Mwaka 1887 amekubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold huko Stanley Falls. Miaka michache tu, na Wabelgiji wamewapiga vita wenzake. Mwaka 1893 mwanawe Sefu ameuawa katika vita hivyo. Baba aliyefiwa ni baba aliyefiwa. Hatumkatazi mtu yeyote kumsikitikia. Tunachouliza ni hiki: katika kurasa zote hizo, nani aliyepewa nafasi ya kumsikitikia au kukataa? Wapagazi wamo, lakini kwa hesabu, kama pembe zilivyomo kwa frasila. Mateka wamo, lakini ni ushahidi wa ushindi. Adili hayumo. Huruma yetu yatoka kwa mwovu yamrudia mwovu, na sisi tumekuwa chombo tu cha kuipitisha.

Hatari yake si ya nadharia. Wako watu wasomi wanaotuambia kwamba Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara shupavu wa zama zake, na kwamba kumlaumu ni kurudia propaganda ya wakoloni. Propaganda ilikuwapo, hatukatai; mabwana wa Ulaya waliutumia utumwa wa Waarabu kuhalalisha utumwa wao wenyewe, na Kongo ya Leopold ni shahidi. Lakini ubaya wa Leopold haumtakasi mtu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake sokoni Nyangwe, mamia wakafa, wengi kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaona hayo, akayaandika, kisha akarudi Ujiji akiwa hoi, ambako Stanley alimkuta. Jiwe la ukumbusho lililopo hapa mjini lawataja wageni wawili waliokutana chini ya mwembe. Wanawake wa sokoni haliwataji.

Kuna waliojaribu kuijaza nafasi hiyo. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa wa mwaka 1934, aliwapa mateka jina na sauti, na kwa hilo anastahili heshima. Kosa lake ni kuwafanya Waingereza wakombozi wasio na doa, hata mtu hupata shida kuamini. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, amekwenda mbali zaidi: amemweka katikati ya ukumbi Kijakazi, mtumishi aliyezeekea katika utiifu kwa bwana wake. Huruma kwa Fuad imo, lakini imo moyoni mwa Kijakazi, nasi twaiona inavyomla. Kwetu sisi hilo lina thamani kuliko hotuba kumi juu ya ukabaila.

Najua watakuja walimu na kusema kwamba kumzoeza kijana kumhurumia Hasidi ni kumfundisha uhasidi. Sisi twajibu kuwa kijana asiyeweza kumhurumia Hasidi hatamtambua akimkuta ndani ya nafsi yake, maana amefundishwa kuwa hasidi ni nyani wa kitabuni. Wengine watasema kwamba kwa kipimo chetu Tippu Tip aondolewe shuleni. Hasha! Asomwe, tena asomwe kwa sauti, wanafunzi wacheke pale Kasongo anapohadaiwa. Kisha mwalimu afunge kitabu, awape karatasi, awaamuru waandike siku ile ile kama ilivyoonwa na mpagazi aliyekuwa amesimama nyuma na pembe begani, au na mmoja wa wale ndugu wa kike wa Kasongo, kama angekuwa hai kusikia jina lake likitumiwa. Somo hilo lahitaji vipindi viwili, na ratiba zetu zinaweza kuvitoa.

Kwa mtahini nasi tuna ombi. Aache kuuliza ni nani mwovu. Aulize ni nani katika kitabu hiki aliyemhurumia mwovu, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuulizwa kwanza, na ampe mtahiniwa kurasa mbili za kujibia.