Deni la Kodi Lisigeuzwe Mtaji wa Dalali

Mtu akishindwa kulipa kodi ya halmashauri katika England au Wales, mara nyingi anayegonga mlango wake mwisho wa safari si mtumishi wa halmashauri. Ni mtu wa kampuni binafsi, na kampuni hiyo hailipwi na halmashauri iliyoituma, bali hupata pato lake kutokana na ada anazotozwa yule yule mdaiwa. Sisi huku tungemwita dalali wa mahakama. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 2007, ambayo kanuni zake za ukamataji mali zilianza kutumika Aprili 2014, ilimpa jina jipya la heshima: wakala wa utekelezaji. Wananchi wa kule hawakulipokea jina hilo. Wanaendelea kumwita kwa lile la kale lenye kutisha, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuwalaumu.

Jambo hili latuhusu. Ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili wanaishi katika miji ya nchi ile, London, Reading, Milton Keynes na kwingineko, na wao hawakukulia katika desturi ya kodi hii wala hawakufunzwa na mtu namna ya kujilinda. Aidha sisi wenyewe tuna historia na kodi za aina hii, na historia hiyo tuliandikiwa na Waingereza hao hao. Nitairudia baadaye.

Kwanza yafaa ieleweke kodi yenyewe ni ipi. Serikali ya Margaret Thatcher iliwatoza watu wazima wote kodi ya kichwa, ikianzia Scotland mwaka 1989 na kuingia England na Wales mwaka 1990, tajiri na mfagiaji wa barabara katika halmashauri moja wakitozwa kiasi kile kile. Tarehe 31 Machi 1990 wananchi walifurika Trafalgar Square mjini London na ghasia kubwa zikatokea; Novemba ya mwaka huo Bibi Thatcher akaondoka madarakani. Kodi ya halmashauri iliyoshika nafasi yake tarehe 1 Aprili 1993 hutozwa kwa nyumba. Nyumba za England zimegawanywa katika madaraja manane kwa thamani iliyokadiriwa kuwa ndiyo ya tarehe 1 Aprili 1991. Daraja la chini ni nyumba iliyokuwa haizidi pauni 40,000, na la juu ni ile iliyozidi pauni 320,000. Kwa mpango huo wa madaraja, mwenye jumba la mamilioni hulipa mara tatu tu ya mkaazi wa chumba cha daraja la chini katika halmashauri ile ile. Wales ilithaminisha nyumba zake upya na kuanza kutumia thamani mpya mwaka 2005. England iliendelea kutumia bei za siku ambapo watu wazima wengi wa leo walikuwa bado watoto wa shule.

Juu ya msingi huo uliopinda ukaongezwa mzigo mwingine. Hadi mwaka 2013 maskini kabisa katika England waliweza kusamehewa kodi hii yote kwa mpango wa taifa. Aprili 2013 mpango huo ulifutwa, kila halmashauri ikaambiwa itunge wake, na fedha zilizotolewa kwa kazi hiyo zikapunguzwa kwa asilimia 10. Wazee waliostaafu walilindwa, kwa hiyo upungufu wote ukawaangukia wanyonge walio chini ya umri huo. Halmashauri nyingi zikaanza kumdai hata mtu asiye na pato ila posho ya serikali. Kisha halmashauri zenyewe zikaanza kuyumba. Croydon ilitangaza mwaka 2020 kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake. Woking, Birmingham na Nottingham zikafuata mwaka 2023. Birmingham ikapandisha kodi kwa karibu asilimia 10 mwaka 2024. Kufikia Machi 2024 malimbikizo ya kodi hii katika England yalikuwa yamekaribia pauni bilioni 6. Mtu anayedhani deni la ukubwa huo ni la wakaidi na wavivu tu na ajiulize ukaidi huo ulienea vipi katika nchi nzima.

Sasa tuangalie mashine inavyofanya kazi. Tuchukue mfano wa mama anayetakiwa kulipa pauni 1,000 kwa mwaka, kwa mafungu 10 ya pauni 100. Analipa Aprili, analipa Mei, Juni anaugua mtoto na fedha inakwenda kwingine. Halmashauri humwandikia barua ya kumkumbusha na kumpa siku 7. Zikipita hizo na nyingine 7 bila malipo, haki yake ya kulipa kidogo kidogo hupotea, na mabaki yote ya mwaka, pauni 800, hudaiwa kwa mkupuo. Hapo hupelekwa mbele ya mahakimu. Katika kikao kimoja mahakimu huweza kupitisha mamia ya madeni ya namna hii kwa pamoja, na swali linaloulizwa si kama mdaiwa ana uwezo wa kulipa. Swali ni kama kodi ilitozwa kihalali na kama haijalipwa. Gharama za shauri huongezwa juu ya deni. Tuseme pauni 80. Halmashauri ikiamua kumkabidhi kwa dalali, ada zilizopangwa na serikali mwaka 2014 zilikuwa pauni 75 kwa kufungua jalada na kutuma taarifa, pauni 235 kwa kufika mlangoni mara ya kwanza, na pauni 110 ikiwa mali itafikia kuuzwa, bila kuhesabu nyongeza ya asilimia kwa madeni yanayozidi pauni 1,500. Mama aliyekosa pauni 100 mwezi Juni anadaiwa pauni 1,190 kabla hata ya kiti chake kimoja kubebwa.

Msomaji na aitazame tena hesabu hiyo. Huyu mama hakuweza kupata 100. Dawa aliyotibiwa nayo ni kumwongezea 390. Tena akipeleka kwa dalali kidogo alichonacho, pauni 75 za kwanza ni za kampuni, na kinachobaki hugawanywa kati ya deni na ada nyingine. Takataka hazizolewi kwa fedha hiyo, wala mzee asiyejiweza hapati mtu wa kumwogesha, ingawa hizo ndizo kazi zilizofanya kodi itozwe.

Wapo watakaosema, na hoja yao haistahili kupuuzwa, kwamba asiyelipa humbebesha jirani yake. Ni kweli. Kodi hii huwatunza wazee na watoto yatima, huwasha taa za barabarani, hufungua maktaba. Anayeweza kulipa na hataki, abanwe. Lakini sheria yenyewe imeipa halmashauri njia nyingine za kumbana. Ikishapata amri ya mahakama yaweza kukata katika mshahara wake kwa viwango vilivyowekwa, au kukata kidogo kidogo katika posho yake, na kwa madeni makubwa yaweza kuiwekea nyumba yake zuio. Njia hizo hazileti ada ya pauni 235 ya kupiga hodi. Halmashauri inayomtuma dalali kwa mtu anayeishi kwa posho, na ilhali sheria inairuhusu kukata katika posho hiyo, haiwezi kusema kuwa ililazimika. Ilichagua njia isiyoigharimu kitu, kwa kuwa anayegharimiwa ni mdaiwa.

Na nyuma ya dalali sheria iliweka gereza. Mwaka 2016 mama mmoja wa Wales, mlezi wa mtoto, alihukumiwa kifungo cha siku 81 kwa deni la kodi ya halmashauri. Alikuwa amekaa ndani siku 40 alipotolewa kwa dhamana, na Januari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungo kile hakikuwa halali. Siku 40 hizo hakuna aliyeweza kumrudishia. Wales ilijifunza, ikafuta kifungo kwa deni hili kuanzia Aprili 2019. England haikuifuata mwaka ule, na kwa miaka iliyofuata hofu ya gereza ikaendelea kuwa silaha katika barua na mazungumzo ya wadai wake.

Hapa ndipo historia yetu inapoingia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza katika Tanganyika ilitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, na asiye na fedha aliweza kupelekwa kufanya kazi ya lazima ili kuifidia. Wazee wetu walijificha porini siku ya ukaguzi, si kwa sababu walichukia barabara na zahanati, bali kwa sababu mkono uliokuja kuomba mchango ulikuja na pingu. Kodi hiyo ya vichwa iliyorithiwa na serikali za mitaa ilifutwa mwaka 1969. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kodi ya maendeleo iliyoletwa miaka ya 1980 nayo iliwafanya watu wazima wakimbie mgambo katika vijiji vyao wenyewe, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme. Nani anapaswa kuibeba kati ya mwenye nyumba na mpangaji ni ugomvi mwingine, nao unahitaji makala yake, ila hakuna aliyebebewa kitanda. Nchi zote mbili zimeona kwamba namna ya kukusanya hugeuza maana ya kodi. Mchango wa wote ukikabidhiwa kwa mtu anayefaidika pale mchangiaji anaposhindwa, umekwisha kuwa biashara, na bidhaa yake ni kushindwa kwa wanyonge.

Kwa ndugu zetu walioko huko, yafaa wajue mipaka ya huyu mgeni, maana anatajirika kwa wao kutoijua. Dalali wa kodi ya halmashauri hana ruhusa ya kuvunja mlango wala kumsukuma mtu ili aingie katika ziara yake ya kwanza. Huingia kwa mlango tu, si dirishani, na kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Haruhusiwi kuingia akimkuta mtoto aliye chini ya miaka 16 peke yake. Ni lazima awe ametoa taarifa ya siku 7 kamili. Lakini mlango usiofungwa kwa ufunguo ni mlango ambao aweza kuufungua mwenyewe, hivyo ufungwe, na mazungumzo yafanyike kupitia dirishani au kwa simu. Akiingia mara moja na mwenye nyumba akatia sahihi mkataba unaoorodhesha vyombo vyake, mambo hubadilika: mkataba ukivunjwa, baada ya taarifa anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Kalamu hiyo ndiyo ya kuogopwa. Gari lililoegeshwa barabarani nalo laweza kufungwa mnyororo, hata kama mlango wa nyumba haukufunguliwa kamwe.

Ndani ya nyumba hawezi kuchukua kitanda na matandiko yake, jiko, jokofu, mashine ya kufulia, meza na viti vinavyowatosha wa nyumba ile, wala simu. Zana za kazi zisizozidi thamani ya pauni 1,350 nazo zimelindwa. Mali ya mtu mwingine si yake kuchukua, ingawa mara nyingi mwenye mali atatakiwa aonyeshe stakabadhi. Mume na mke wanaoishi pamoja, hata hivyo, wanadaiwa wote wawili, hata barua ikiwa na jina moja.

Kuufunga mlango hakufuti deni. Hilo lisemwe wazi, na ile ada ya ziara itakuwa imekwisha kuandikwa. Ndiyo maana mahali pa kupigania haki ni mwanzoni, wakati deni lingali mikononi mwa halmashauri. Anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Nyumba ya wanafunzi watupu haitozwi. Mtu aweza kuomba mafungu 12 badala ya 10, na halmashauri ina uwezo wa kisheria wa kumpunguzia au kumsamehe mwenye dhiki, hata kama haitangazi uwezo huo. Tangu Mei 2021 yupo pia mdaiwa anayeweza, kupitia mshauri wa madeni aliyeidhinishwa, kupata siku 60 ambazo dalali haruhusiwi kumgusa wala ada kuongezeka.

Bunge la Westminster nalo lina lake la kutenda. Bodi ya kusimamia mwenendo wa madalali iliyoundwa mwaka 2022 ilianza kama jambo la hiari, ikigharimiwa na kampuni zile zile inazozisimamia. Iwe ya sheria, na ipewe meno. Halmashauri zizuiwe kumkabidhi kwa dalali yeyote anayepata msaada wa kodi. Asiseme mtu kwamba haiwezekani, maana halmashauri ya Hammersmith na Fulham, jijini London, iliacha mwaka 2018 kutumia madalali katika kodi hii, ikachagua kuzungumza na wadaiwa wake na kupanga nao malipo wanayoyamudu.

Na barua za halmashauri zifunguliwe siku ile zinapofika, hata zikiwa na rangi nyekundu. Kiingereza chake kikiwa kigumu, zipelekwe katika ofisi za Citizens Advice, ambazo hazitozi kitu, kabla zile siku 7 hazijapita.