Mji wa Katoni Kando ya Pango



Noeli iliyopita, vijana wa kapela moja ya huku kwetu Lusangi walitengeneza pango la Mtoto Yezu kama wafanyavyo kila mwaka: majani ya mchikichi, kondoo wa udongo, nyota ya karatasi. Lakini kando ya pango waliweka jambo ambalo hatukulizoea. Ulikuwa mji mzima juu ya meza, uliojengwa kwa katoni za sabuni, makopo ya nyanya, vifuniko vya chupa na nyaya za redio zilizokufa. Mbele yake kulikuwa na kibao kilichoandikwa: LUSANGI 2075. Ulikuwa na daraja pana, hospitali ya ghorofa sita, mapaa yanayokusanya mwanga wa jua, na penye soko, mahali ambapo leo pikipiki husubiri abiria wa Kasongo, kilisimama chombo cha kwenda angani juu ya miguu mitatu ya njiti za mwavuli. Mmoja wa mamajusi watatu alikuwa amevaa vazi la mwanaanga. Kofia yake ilikuwa balbu iliyoungua.

Mji ule ulikaa siku mbili. Siku ya tatu tuliuondoa. Tunasema tuliuondoa, kwa maana katika baraza lililoamua jambo hilo watu wa chama chetu walikuwa wengi kuliko wengine, wala hatutaki kujificha nyuma ya mtu yeyote. Baadhi yetu walisema kwamba pango si mahali pa michezo. Wengine walisema kwamba hayo ni mambo ya filamu, yametoka mbali, hayatuhusu. Neno la tatu lilisemwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Kitu kirukacho, kilichotengenezwa kwa kopo, kimetoka mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mitatu anayelelewa na nyanya yake. Na kila mmoja wetu amekwisha kusikia yanayosimuliwa juu ya ndege zirukazo usiku. Hakuna aliyetamka neno uchawi. Haikuwa lazima kulitamka.

Tumekaa na jambo hili tangu wakati ule, nasi tumeona kwamba tulikosea. Tungependa kueleza kwa nini, kwa kirefu kidogo.

Kwanza, haya hayakutoka mbali. Mwaka 1948, katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, upande wa magharibi wa nchi yetu hii, alizaliwa Bodys Isek Kingelez. Mwaka 1970 alikwenda Kinshasa, akasoma, akafundisha shule, na baadaye akashikwa na hamu ya kukata karatasi na katoni na kuzigeuza kuwa majumba. Inasimuliwa kwamba alipopeleka kazi yake kwenye jumba la makumbusho la Kinshasa, wenye mahali pale hawakusadiki kwamba ni mikono yake iliyoifanya. Walimdhania mwizi. Ikambidi atengeneze nyingine mbele ya macho yao. Ndipo walipomwamini, hata wakampa kazi ya kutengeneza vitu vya kale vilivyoharibika. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na tangu hapo dunia ikamjua. Alifariki mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye, jumba la Museum of Modern Art huko New York lilikusanya miji yake na kuwafungulia watu milango waje kuitazama.

Katika miji hiyo, miwili inatugusa sana. Mwaka 1994 Kingelez alijenga Kimbembele-Ihunga, yaani kijiji chake mwenyewe, lakini kama alivyotamani kiwe: majumba marefu ya rangi zote, barabara pana, taa. Alijenga kwao. Miaka miwili baadaye alijenga mji alioueleza kuwa wa amani kiasi cha kutohitaji polisi, kwa kuwa hakuna anayemdhulumu mwenzake. Kabla ya hapo, mwaka 1991, wakati ugonjwa wa SIDA ulipokuwa ukimaliza watu na wengi wakiona haya hata kuutaja, alitengeneza kituo cha kisayansi cha kuwalaza wagonjwa wake. Kilikuwa cha katoni, ndiyo. Lakini mtu aliyekaa miezi akikata madirisha ya hospitali ya SIDA alikuwa amekwisha kukataa moyoni mwake kwamba wale wagonjwa wafe kama wasio na mwenyewe.

Tulipokumbushwa hayo, tuliitazama upya ile hospitali ya ghorofa sita. Vijana wetu hawajapata kuona hospitali ya namna hiyo. Wamewaona mama zao wakibebwa kwenye baiskeli.

Pili, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie, si kweli kwamba mambo ya wakati ujao hayatuhusu. Yametuhusu siku zote, ila hatukuulizwa. Madini yaliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 yalichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga. Simu zinazotuonyesha filamu za vyombo vya angani zina ndani yake madini ya namna ile ile yanayochimbwa kwa koleo katika mkoa wetu wa Maniema, na dhahabu ya Kabambare tunaijua. Tunawajua pia waliokufa ndani ya mashimo yake. Hata roketi si jambo la hadithi tu kwa majirani zetu. Mwaka 1975 kampuni moja ya Ujerumani, OTRAG, ilipatana na serikali ya Zaire ya wakati ule na kupewa eneo la kilomita za mraba zipatazo laki moja kaskazini mwa Shaba, katika nchi ya mto Luvua, ambayo leo ni ya mkoa jirani wa Tanganyika. Roketi ya kwanza ilirushwa mwezi wa Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni mwaka huo huo, ilirushwa mbele ya Rais Mobutu mwenyewe, ikapanda kidogo, ikaanguka. Mwaka 1979, kwa misukosuko ya mataifa makubwa, kampuni ikafungishwa virago. Wakulima na wavuvi wa Luvua hawakuulizwa ilipokuja, wala hawakuulizwa ilipokwenda.

Basi, kijana wa Lusangi achorapo chombo cha angani na kukisimamisha sokoni, si mbele ya uzio wa mgeni, anaulizwa nini na sisi wazee? Tumuulize ametoa wapi fikira za kizungu? Mkongomani Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake mwenyewe karibu na Kinshasa; ile ya mwaka 2009, iliyompakia panya, ilipoteza njia, na watu wengi wakacheka. Ya mbele ya Mobutu pia ilianguka, na sidhani, kama asemavyo mzee mmoja wa chama chetu, kwamba kuna aliyethubutu kucheka siku ile.

Huko Kinshasa wapo wasanii wanaolichukua jambo hili hadi barabarani. Kundi liitwalo Kongo Astronauts, lililoanzishwa mwaka 2013 na Michel Ekeba pamoja na Eléonore Hellio, humtoa mwanaanga akatembea mitaani kwa miguu, vazi lake likiwa limeshonewa vipande vya mitambo iliyotupwa. Watoto humfuata, mama wauza mikate humshangaa. Wasanii wengine, katika tamasha la Kinact, huvaa makopo, matairi, nyaya, simu zilizokufa, mpaka mtu haonekani tena. Tukiwatazama, kwanza twaogopa, kisha twaelewa: madini yaliondoka kwetu yakiwa mawe, yakarudi yakiwa vyombo vya mitumba, yakaishia kuwa takataka kwenye mifereji yetu, na sasa mtu ameyavaa, anatutazama. Mahubiri machache yamelieleza jambo hilo kwa nguvu kama ile. Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, alisema wazi kwamba Afrika si shimo la kuchimbwa na kunyang'anywa. Yule mwanaanga wa takataka anasema vile vile bila kufungua kinywa.

Hatusemi kwamba kila kitu cha namna hiyo ni chema. Filamu nyingi zinazoonyeshwa katika vibanda vya video huleta wakati ujao uliojaa bunduki tu, na bunduki za leo zatutosha. Hata ile filamu ya Wakanda ya mwaka 2018, ambayo vijana wetu waliishangilia, na haki yao, inaonyesha utajiri wa madini unaolindwa na mfalme. Mchimbaji mwenyewe huonekana kwa shida. Tuna neno pia juu ya Kingelez: miji yake mingi inakaa katika majumba na mikononi mwa matajiri wa ng'ambo, wala kijiji chake hakikupata zile barabara. Mwenye kusema kwamba ndoto hazipiki ugali, hatuna la kumjibu, kwa kuwa amesema kweli. Lakini njaa ya watoto wetu haikuletwa na ndoto.

Tatu ni juu ya Kanisa. Wapo waliosema kwamba mambo ya sayansi ya kesho hayana mahali karibu na altare. Wamesahau kwamba reakta ya kwanza ya nguvu za atomu katika Afrika nzima iliwashwa mwaka 1959 katika Lovanium, chuo kikuu cha Wakatoliki kule Kinshasa, na kwamba mkuu wa chuo hicho, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia. Padri mwingine, Georges Lemaître wa Ubelgiji, ni miongoni mwa watu wa kwanza waliofundisha kwamba ulimwengu unazidi kutanuka. Mwezi wa Julai 1969, watu walipotua mwezini, Papa Paulo VI alikuwa Castel Gandolfo kwenye darubini za Vatikano. Hakuna aliyemwambia kwamba anacheza.

Na tukiacha mapadri na mapapa, tufungue kitabu chenyewe. Sura ya 21 ya Ufunuo inatuonyesha nini? Mji. Mji ambao haujawahi kuwapo, unaoshuka, na malaika anaupima kwa fimbo ya dhahabu: urefu, upana na kimo ni sawa. Milango kumi na miwili, haifungwi, wala usiku haupo. Yohane alikuwa katika kisiwa cha Patmo, ametengwa kwa ajili ya Neno la Mungu, na wakristu wake walikuwa wakiteswa. Hakuwaandikia kwamba wavumilie tu. Aliwapa vipimo vya mji na rangi za mawe yake, moja baada ya lingine. Sisi tunaousoma ukurasa huo katika mazishi ya ndugu zetu, kisha tukauondoa mji wa watoto kando ya pango, tulikuwa tumeusoma kwa macho tu.

Imebaki lile neno lililosemwa kwa sauti ya chini. Hili hatutalizunguka. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwezi wa Januari 2009 inamwadhibu afanyaye hivyo. Lakini sheria haisikii minong'ono ya nje ya kapela. Baada ya mji kuondolewa, yule mtoto hakuja tena kwenye katekisimu kwa majuma manne. Nyanya yake alituambia kwamba alikuwa amezikusanya nyaya zake zote na kuzizika nyuma ya jiko, ili mtu asizione. Mtoto mwenye mikono kama ile, katika nchi isiyo na mafundi wa kutosha, alijifunza kutoka kwetu sisi kwamba mikono yake ni ya kuogopwa. Tarehe 2 Februari 2023, katika kiwanja cha michezo cha Mashahidi, Papa Fransisko aliwaambia vijana wa Kongo waitazame mikono yao, akawafundisha kwa kuhesabu vidole. Tulikuwa tumesikiliza redio siku hiyo. Tulipiga makofi.

Watu wawili wa chama chetu wamekwisha kwenda kwa nyanya yule kuomba msamaha, mbele ya mtoto, si nyuma yake. Alitusikiliza, akatupa viti, hakusema mengi. Juma lililofuata mtoto alirudi kwenye katekisimu, akakaa nyuma.

Mji wenyewe uko katika ghala ya kapela, nyuma ya magunia ya mpunga. Panya wametafuna daraja, na mvua imeingia katika hospitali. Chombo cha angani ni kizima, ila mguu mmoja umepotea. Tumepatana na vijana kwamba mji urudishwe kanisani kabla ya Siku ya Matawi, nao wameomba katoni kavu, gundi na rangi. Mwenye mwavuli uliovunjika asiutupe; amletee mama katibu baada ya Misa. Njiti moja yatosha.