Acheni Kuisingizia Cassandra

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na programu ikikosea hesabu za wateja, sisi waandishi wa programu husingizia hifadhidata. "Cassandra inakula pesa!" Jamani, haili. Cassandra ilizaliwa Facebook, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2008, na tangu 2010 ni mradi kamili wa Apache. Mara nyingi kosa liko kwetu, kwenye draiva, yaani kile kipande kinachounganisha programu yako na seva zake.

Ugonjwa ni kuiona draiva kama waya tu. Draiva ina akili! Unaipa anwani ya seva moja au mbili, nayo inauliza zilizobaki ziko wapi, inajua zipi zina nakala ya data unayotaka, na inapeleka ombi huko huko. Sasa anakuja mtu, anafungua sesheni mpya kwa kila ombi la mteja kisha anaifunga. Kila mara draiva inaanza kujifunza ramani ile ile upya. Halafu tunaambiwa Cassandra ni ya polepole. Sesheni moja yatosha programu nzima.

Lakini kasi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni pesa za watu.

Chukua draiva ya Java, toleo la 4. Usipoiambia lolote, inatumia LOCAL_ONE: seva moja ikijibu, imeridhika. Data ikiwa na nakala 3, ukiandika kwa moja na kusoma kwa nyingine, unaweza kupata salio la zamani. Tumia LOCAL_QUORUM pande zote mbili: 2 kati ya 3 za kuandika, 2 kati ya 3 za kusoma. Lazima zikutane kwenye seva moja. Hesabu ya shule ya msingi hiyo.

Kisha kuna muda kuisha. Draiva hiyo husubiri sekunde 2, halafu inakurudishia kosa. Kosa hilo halisemi "sijaandika". Linasema "sijapata jibu". Tofauti hiyo ndiyo inayoumiza watu! Ombi lilikuwa "ongeza 500", seva ikaandika, jibu likachelewa, wewe ukarudia. Sasa ni 1,000. Draiva yenyewe ina tahadhari: huchukulia kwamba ombi si salama kurudiwa mpaka wewe useme ni salama. Na wapo wanaosema "salama" kwa maombi yote, ili tu makosa yapotee kwenye skrini.

Dawa si ngumu. Kila muamala upe namba yake kabla ya kuutuma, uandike kama safu yenye namba hiyo, halafu salio lipatikane kwa kujumlisha. Ukirudia mara kumi, safu inabaki moja.

Utaniambia mipangilio ni kazi ya msimamizi wa hifadhidata. Sikubali hata kidogo. Yeye anaona seva; haoni kama ombi lako ni la kununua unga au la kuhesabu waliotazama picha. Anayejua ni wewe uliyeliandika. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, fungua faili la mipangilio ya draiva yako ulisome, mstari kwa mstari.