North Melbourne, viungo wametosha!

Kwenye ligi ya Australia, AFL, timu za mkiani hutangulia kuchagua chipukizi kwenye drafti. North Melbourne wamefaidi: 2022 Harry Sheezel na George Wardlaw, 2023 Colby McKercher, 2024 Finn O'Sullivan. Mpira wanaujua, ila karibu wote ni wa katikati. Nyuma je?

Beki mrefu Ben McKay alitimkia Essendon mwishoni mwa 2023. North wakapewa nafasi ya juu kama fidia, wakamchukua Zane Duursma, mshambuliaji! Msimu uliofuata wakashinda mechi 3 tu.

Nafasi yao ya kwanza ya 2025 nayo wameshaipeleka Richmond. Sasa itauma, lakini wabadilishane: kiungo mmoja atoke, beki wa kazi aingie.