Presha Kuka Haijaua Mila ya Mtu

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane: kunde, majani na presha kuka vinaweza kukaa jikoni moja, na hakuna nyanya wa mtu atafufuka kulalamika.

Juzi nilipika chakula cha Kusini mwa Marekani. Kunde za macho meusi, majani ya familia ya sukuma, kitu cha moshi ndani, pilipili na siki juu. Nilitumia presha kuka na nikamaliza dakika arobaini, ukihesabu na kukata vitunguu. Nikarekodi, nikaweka. Wasee wakanirukia. Ati nimetukana mababu, ati hicho chakula lazima kikae motoni tangu asubuhi mpaka jioni la sivyo hakina roho. Mmoja wao namjua vizuri. Anaishi Kasarani na roho ya chakula chake inatoka kwa smoki za barabarani. Lakini sawa, tujibizane.

Aliyenifunza hicho chakula ni jirani yetu, mama Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi, akastaafu, akaja kuishi Nairobi. Ploti nzima tunamwita Anti. Sufuria yake ya presha ni ya alumini nzito, ile ya kizito kinachocheza juu ya kifuniko kikipiga kelele, na ilikuwa ya mamake. Mamake alikuwa anafua na kupika kwa nyumba za watu, anarudi jioni amechoka, na watoto wanamngoja mlangoni. Nilimuuliza Anti kama mamake hakuona ni kama anaharibu mapishi ya kina nyanyake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mtoto wangu, mama alikuwa anaona watoto wenye njaa.

Kwa hivyo hapo ndipo nashangaa. Wenyewe wamepika na presha kuka miaka na mikaka, halafu sisi wa mbali ndio tunawalindia mila.

Na hicho chombo si cha jana. Mfaransa anaitwa Denis Papin alikitengeneza London mwaka 1679, akiwaonyesha wanasayansi vile mvuke uliofungiwa unaweza kulainisha hata mifupa. Mwaka 1939 kampuni ya Presto ilionyesha sufuria ya presha ya nyumbani kwenye maonyesho makubwa ya New York. Huko mashambani Kusini wanawake wengi walikuwa tayari wameshazoea mvuke, kwa sababu walifunzwa kuhifadhi mboga na maharagwe kwenye chupa kwa kutumia vyombo vya presha. Yaani presha kuka iko kwa hiyo jiko kabla hata babu yako hajaoa.

Sasa swali la maana: mbona zamani walipika masaa mengi? Angalia New Orleans. Jumatatu ni siku ya maharagwe mekundu na wali, na sababu yake ni nguo. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na kufua kwa mkono kunakula siku nzima. Kwa hivyo mama anaweka maharagwe motoni, anatupa mfupa wa nyama ya Jumapili ndani, anaenda kwa beseni lake. Jioni nguo zimekauka na chakula kimeiva. Louis Armstrong, yule wa tarumbeta, alikipenda hicho chakula mpaka alikuwa anamalizia barua zake na jina lake. Unaona? Moto wa polepole ulikuwa mpango wa mtu mwenye kazi nyingi. Alikuwa anatafuta njia ya chakula kujipika akiwa ameshika kitu kingine. Huyo mama ungempa presha kuka angekuuliza ulikuwa wapi.

Mimi sifui siku nzima karibu na sufuria. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, nikahamia bedsita, na kitu cha kwanza maisha yalinifunza ni hesabu ya gesi. Mtungi wa kilo sita, maharagwe makavu, sufuria ya kawaida. Jaribu uone. Siku moja gesi iliisha katikati. Maharagwe yalikuwa yameanza kulainika nje, ndani bado yanagonga meno. Nilikuwa na njaa, sina pesa mpaka wiki ijayo, nikayala hivyo hivyo.

Manze, sitawahi kusahau huo usiku. Nilitapika mpaka nikawa natapika maji. Nilidhani nimewekewa kitu.

Baadaye ndio nikajua. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, aina ya protini inayoitwa lektini, na iko kwa wingi sana kwenye yale makubwa mekundu. Mabichi manne au matano tu yanaweza kukulaza. Dawa yake ni kuyaloweka kuanzia masaa matano, kumwaga hayo maji, halafu kuyachemsha vizuri, maji yakiwa yanatokota kabisa, si chini ya dakika kumi, na bora nusu saa. Moto wa chini usiofikisha maji kutokota hauui hiyo sumu, na maharagwe yaliyopashwa tu joto yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Kwa hivyo ukimwambia mtu mwenye gesi ya mwisho kwamba roho ya chakula iko kwenye moto mdogo wa masaa mengi, jua unachezea tumbo la mtu.

Halafu kuna hii ya Nairobi ambayo watu hawafikirii. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kama digrii 94, si 100. Savannah na New Orleans ziko chini karibu na maji, zao zinafika 100. Ukichukua masaa ya mapishi yao na kuyaleta hapa, kunde zako zitakuwa bado zinakuangalia. Presha kuka inafunga mvuke ndani, na ile ya jikoni ya kawaida inafikisha joto digrii 115 na kwenda juu. Kwa hivyo mtu wa Nairobi ndiye anaihitaji zaidi ya hao wenyewe.

Lakini ngoja, msidhani nasema mila ni upuzi. Hapana. Hicho chakula kina historia nzito na ndio maana nakasirika watu wakiipunguza kuwa saa ya ukutani.

Kunde ni yetu. Ni mmea wa Afrika, ulifugwa mashambani hapa barani kabla ya mtu kuota Marekani. (Nairobi ukisema kunde mtu anafikiria majani. Naongelea mbegu. Mmea ni huo huo mmoja: sisi tumependa majani, wao wakabaki na mbegu.) Zilivuka bahari na meli za watumwa, zikapandwa Carolina na kwingine, na wazungu wengi waliziona chakula cha ng'ombe na cha watumwa. Leo hao hao wote wanakula kunde na wali tarehe 1 Januari, wanaziita Hoppin' John, ati kunde ni sarafu, majani ni noti, na mkate wa mahindi ni dhahabu. Mahindi nayo yalitoka upande wao yakaja kwetu, yakawa ugali. Tulibadilishana vyakula na hakuna mtu alituuliza.

Majani ya collards si ya Afrika, yalitoka Ulaya. Ni ukoo mmoja kabisa na sukuma wiki yako ya shilingi ishirini. Kilichotoka Afrika ni mkono: majani mengi, maji, kakitu kadogo kenye chumvi au moshi, na supu inayonywewa mpaka tone la mwisho. Michael Twitty, mpishi na mwanahistoria mweusi aliyeandika The Cooking Gene mwaka 2017, amefuata hizo nyayo kwa jasho lake mwenyewe. Hiyo supu huko inaitwa potlikker. Inasimuliwa kwamba mabwana walikula majani wakawaachia wapishi maji, na wapishi wakachukua, kwa sababu vitamini nyingi za majani huwa zimehamia kwenye maji. Mwaka 1931 Huey Long wa Louisiana aligombana na gazeti la Atlanta Constitution wiki kadhaa, eti mkate wa mahindi unachovywa kwenye potlikker au unavunjwavunjwa ndani. Gavana mzima. Yeye alikuwa upande wa kuchovya. Mimi pia, na ugali.

Kwa hivyo ukiniuliza dhambi ni gani, nitakuambia: kumwaga hiyo supu. Na hapa kwetu tunaimwaga kila siku. Tunachemsha majani, tunakamua, tunamwaga maji ya kijani kwa sinki, halafu tunakuja mtandaoni kulia kwamba tumepoteza vyakula vya kienyeji. Presha kuka haimwagi kitu. Kifuniko kimefungwa, mvuke unabaki, moshi wa nyama unabaki, supu yote inakungoja.

Kuna mahali inafeli na sitaficha. Supu yake huwa nyepesi kwa sababu maji hayaendi hewani. Anti huponda vijiko viwili vya kunde kwenye ukingo wa sufuria, anakoroga, anaacha ichemke wazi dakika chache, inakuwa nzito. Majani nayo ukiyafungia na kunde tangu mwanzo yatakuwa matope. Collards za huko ni ngumu kama ngozi ya viatu, hizo zinavumilia. Sukuma yetu laini haivumilii.

Mimi nafanya hivi. Kitunguu na saumu kwenye mafuta, kunde kavu zilizooshwa, maji yazifunike kama vidole viwili, lakini sufuria isipite nusu, kwa sababu kunde hutoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Watu wanaoogopa presha kuka kama bomu, hiyo ndiyo siri kubwa: usiijaze, na usiifungue kwa nguvu. Kifuniko kikikataa, kinakuokoa. Dakika 12 mpaka 15 tangu kizito kianze kucheza, nazima, naiacha itulie yenyewe. Nafungua, naweka samaki wa moshi niliyemtoa miiba, na sukuma, na pilipili. Dakika kumi wazi. Nyanya au siki mwisho kabisa, kwa sababu uchachu ukiingia mapema kunde zinagoma kulainika.

Najua, samaki. Kwao kawaida ni nguruwe wa moshi, mguu au kifundo, na huyo anataka nusu saa peke yake kabla ya kunde kuingia. Lakini hata kwao wengi wamehamia shingo na mabawa ya bata mzinga, wengine kwa dini, wengine kwa presha ya damu. Anti mwenyewe alionja wa samaki, akanyamaza kidogo, akasema hii mamake angeikula. Akaomba chumvi. Daktari amemkataza chumvi lakini hiyo ni vita yake na daktari.

Kuna kijana alinitumia ujumbe baada ya hiyo video, yuko mwaka wa kwanza, hosteli, anashiriki koili ya stima na wenzake watatu. Aliniuliza kama anaweza kununua presha kuka ndogo au ni kama kudanganya. Kudanganya nani? Kusanyeni pesa nyinyi wanne, nunueni ya lita tano, na ukinunua ya mkono wa pili angalia mpira wa kifuniko kabla ya kutoa pesa. Ukiwa umepasuka, acha.

Wa Anti umeanza kuvuja. Jumamosi naenda Kamukunji kuutafuta saizi yake, na ile sufuria ni ya zamani sana, kwa hivyo kama unajua fundi anayekata hizo mpira vizuri, nielekeze.