Menyu ya tovuti ni mlango, viraka havitaufungua

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alinionyesha tovuti aliyoibunia chama chao cha Kiswahili. Katika tarakilishi ya maabara, menyu yake ilipendeza kwelikweli. Nilipoifungua kwa rununu yangu, kitufe cha mwisho kilikuwa kimeporomoka hadi mstari wa pili, na orodha ya mashairi ya wanafunzi ilikataa katakata kufunguka. “Mwalimu, tatizo ni simu yako,” akaniambia.

Simu haikuwa na hatia. Kosa ni letu sisi tunaowafunza vijana kupima kazi kwa kivinjari kimoja, kisha kubandika kiraka kila panapotokea kilio. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Maradhi haya yana historia. Kanuni za CSS, ambazo huamua sura ya kurasa za tovuti, zilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka wa 1994. Shirika la W3C liliziidhinisha mnamo Desemba 1996. Kwa mujibu wa kanuni hizo, upana unaotajwa ni wa yaliyomo tu. Nafasi ya ndani na mpaka huongezwa juu yake. Kitufe cha pikseli 200, chenye nafasi ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 1 kila upande, huchukua pikseli 242. Internet Explorer 5 ilijumlisha vyote ndani ya zile 200. Vitufe vinne vilivyoenea humo katika upana wa pikseli 800 vilihitaji pikseli 968 katika kivinjari kilichotii kanuni, na cha nne kikaanguka. Toleo la 6, lililotolewa mwaka wa 2001, nalo halikutambua kipanya kilipopita juu ya kitu kisichokuwa kiungo. Menyu nyingi za kushuka zikabaki zimefungwa.

Mafundi wa enzi hizo waliandika maagizo ya kijanja yaliyosomwa na kivinjari hicho pekee. Hawakuwa na budi. Hata hivyo, Microsoft iliistaafisha Internet Explorer mnamo Juni 2022. Mbona basi turithishe tabia ya viraka ilhali mgonjwa mwenyewe hayupo?

Wapo watakaodai kuwa aliyejaribu kazi yake kwa Chrome, Opera na Edge katika tarakilishi amemaliza wajibu wake. La hasha! Opera iliacha injini yake mwaka wa 2013 ikachukua ile ya Chrome, na Edge ikafuata mkondo huo mwaka wa 2020. Kumhoji shahidi mmoja mara tatu si kupata mashahidi watatu. Safari na Firefox zina injini zao, na wasomaji wazo wana haki ya kuingia mlangoni kama wengine.

Mimi na mwanafunzi wangu tuliketi tukatafuta chanzo. Vitufe vyake vilipimwa kwa fonti ya maabara, ambayo rununu yangu haikuwa nayo. Herufi pana zaidi zikavisukuma nje ya mstari. Menyu nayo ilingoja kipanya kipite juu yake, na simu haina kipanya. Tulianza upya kwa orodha sahili ya viungo inayosomeka popote. Tukaifanya ifunguke kwa kubonyezwa, na vitufe tukaviacha vijipange kulingana na nafasi iliyopo. Panapohitajika jambo la ziada, kivinjari kiulizwe kinaweza nini, wala si kinaitwa nani. Jina halina maana, kwani takriban vivinjari vyote hujitambulisha kwa neno Mozilla.

Shime, walimu wenzangu! Mradi wa tovuti usipewe alama katika tarakilishi ile ile ulikotengenezwa. Ufunguliwe kwa kivinjari ambacho mwanafunzi hakukitumia, na kwa rununu ya bei nafuu, kwa maana ndiyo iliyo mikononi mwa wazazi wengi. Nanyi wanafunzi, kabla ya kulaumu kifaa cha msomaji, elezeni kwanza kwa nini kitufe kilianguka. Asiyeweza kueleza kosa hajalirekebisha, amelifunika tu.

Mashairi ya chama kile sasa yanasomeka hata kwa simu yangu. Yalikuwemo siku zote, ila mlango ulikuwa umefungwa.