Mazoezi ya Hatari Yasizae Hatari

Tarehe 11 Julai, 1915, ndege ndogo ya Waingereza iliyotoka Mafia ilipigwa juu ya delta ya Rufiji, na injini yake ikazimika. Ilikuwa ikielekeza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani, Königsberg. Rubani Cull aliiteremsha bila injini, huku mwenzake, Arnold, akiendelea kupeleka habari kwa simu ya upepo. Waliangukia mtoni, ndege ikapinduka, wakaokolewa na mashua ya manowari Mersey.

Vita ile ilikuwa ya wakoloni, ingawa Waafrika wengi walibebeshwa mizigo yake na kufia humo. Lakini tukio hilo limeacha funzo: dharura haipigi hodi.

Ndiyo maana kila mwanafunzi wa urubani hana budi kujifunza kutua bila injini. Mkufunzi hupunguza nguvu ya injini hadi chini kabisa. Mwanafunzi hushika mwendo ufaao, huchagua mahali pa kutua na kukagua mafuta. Ndege kama Cessna 172, ikiwa mita 1,000 juu, yaweza kwenda kilomita 9 hivi kabla ya kugusa ardhi. Juu ya delta, kilomita hizo zaweza kuwa mikoko, matope na maji matupu.

Hata hivyo, zoezi lenyewe laweza kuua. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Injini ikikaa bila nguvu, barafu yaweza kuganda ndani ya kabureta hata siku ya joto, na nguvu ikihitajika isipatikane. Wako wanaoteremka kupita kiasi ili zoezi lifanane na kweli. Wako wanaogeuza ndege ghafla karibu na ardhi, mwendo ukapungua, mabawa yakashindwa kuibeba. Tena yaweza kuzuka mashaka juu ya nani ameshika usukani.

Dawa yake yajulikana. Kabla ya kuruka, mkufunzi na mwanafunzi wakubaliane kimo cha kukomesha zoezi, na nani atakayeshika usukani. Joto la kabureta lifunguliwe mapema, na injini ipewe nguvu mara kwa mara wakati wa kuteremka. Kanuni za kimataifa zakataza kuruka chini ya mita 150 bila idhini, isipokuwa wakati wa kupaa au kutua. Kanuni hiyo isivunjwe kwa kisingizio cha mafunzo. Aidha, vichwa vya wananchi wa Nyamisati na Mbwera si uwanja wa majaribio.

Wajibu hauishii kwa marubani. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria huko Bukoba, watu 19 walikufa, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Katika delta pia, mwenye mtumbwi ndiye atakayetangulia. Basi watumishi wa umma wa Kibiti na wafahamu nani ana chombo, nani apewe taarifa, na majeruhi wapelekwe wapi. Walimu nao wawafundishe watoto kuogelea na huduma ya kwanza, lakini kwa uangalizi uleule unaodaiwa angani: zoezi la kuokoa maisha lisigharimu uhai wa mtoto.

Taifa linahitaji marubani hodari. Uhodari huo hupimwa pia kwa mkufunzi anayejua wakati wa kusema: zoezi limetosha, turudi juu.